Ukurasa wa Magunia Usio na Jina

Sogeeni, ninyi mnaopenda kuamua mambo magumu. Nitawasimulia kisa hiki hadi mahali kilipokwama, kisha nitawakabidhi. Nawaomba mshike majina vizuri, kwa sababu ubishi wenyewe ni wa jina.

Katika mji wa Mfumbilo, kule nyanda za juu ambako asubuhi mtu akizungumza hutoa mvuke mdomoni, kuna chuo kidogo cha uandishi wa habari. Mwaka huo wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wakijifunza kutengeneza tovuti na kuandika blogu. Watatu kati yao walipangwa kundi moja.

Wa kwanza aliitwa Zenais Fulgensi Mgaya. Wenzake walimwita Zena, lakini hilo si jina alilopewa na wazazi wake, nami sitalitumia. Kipaji chake kilikuwa kuona na kuuliza. Hakuandika jambo mpaka alisikie kwa watu watatu ambao hawajaketi pamoja, na wa tatu akisitasita, alianza upya.

Wa pili alikuwa Otmari Kaspari Ngailo. Kipaji chake kilikuwa kuujenga ukurasa. Aliweza kuuagiza ujipime wenyewe kabla ya kufunguka: kwenye kompyuta utandae, kwenye simu ujikunje, maandishi yasomeke pasipo mtu kuyavuta kwa vidole viwili. Aliongea kidogo na kufuta mengi.

Wa tatu alikuwa Tusekile Ambakisye Mwasomola, na kipaji chake kilikuwa kusomwa. Kabla ya kuja chuoni alikwisha kuwa na blogu yake, Jungu la Tuse, alimoandika habari za uji, makande na maharage yanayokataa kuiva. Wapishi wa shule na mama lishe wa wilaya tatu walimwandikia, naye aliwajibu kila mmoja kwa jina lake.

Darasani walimcheka kwa hilo.

"Wewe si mwandishi," Otmari alimwambia siku moja. "Wewe ni mpishi mwenye bando."

"Na wewe ni seremala wa milango," Tusekile akamjibu. "Milango mizuri kweli, ila hakuna anayepita."

Mwalimu wao, Bi. Bertha Yohana Kilasi, alikuwa na kanuni ambayo hakuilegeza kwa mtu. Kila habari katika tovuti ya chuo ilipaswa kubeba jina moja tu. "Majina yakiwa matatu," alisema, "siku ya kosa kila mmoja atamwonyesha mwenzake. Mimi nataka nijue nimwite nani."

Muhula ule kanuni hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Gazeti la Nyanda Leo lilikuwa limetangaza kiti kimoja katika chumba chake cha habari, cha mwaka mzima, kwa mwanafunzi ambaye jina lake litakuwa juu ya habari bora ya mtandaoni. Mwanafunzi aliyekikalia mwaka uliotangulia alikuwa ameajiriwa moja kwa moja. Hapakuwa na gazeti lingine lililopokea wanafunzi wa Mfumbilo. Zenais, Otmari na Tusekile walikuwa na alama sawa, na kila mmoja wao alikitaka kiti kile kwa moyo wote.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Siku ya Ijumaa, shule za msingi zikiwa zimebakiza siku tatu zifunguliwe baada ya likizo, Zenais alikwenda mashine ya kusaga kununua unga. Pembeni alimwona mama mmoja akipepeta mahindi. Viganja vya mama yule vilikuwa na rangi ya waridi mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo, mama. Umepaka hina?"

"Marahaba. Hina ya wapi, mwanangu, kwa kazi hii? Ni mahindi ya tajiri. Juzi tumeyaosha kutwa kule ghalani, maji yakatoka mekundu."

"Mahindi gani yanatoa rangi?"

"Hayo hayo. Nimeambiwa osha, nimeosha. Ila kuku wangu wawili waliyanywa yale maji, na jioni nikawazika."

Zenais alisahau unga aliokuwa amefuata. Alikuwa mtoto wa mkulima, alijua kwamba mahindi ya mbegu hutiwa dawa ya sumu dhidi ya wadudu, na rangi huwekwa makusudi ili mtu asije akayala. Ukiyaosha, rangi inaondoka. Sumu haiondoki yote.

Alimtafuta wa pili, mpakizi wa ghala lile. Huyu alikana, akakana tena, kisha akamvutia nyuma ya ukuta. Magunia yaliyooshwa yalikuwa ishirini na mawili. Yalichanganywa na magunia ya mahindi mazuri, yakapelekwa vijiji vitano. Kwa macho hayakutofautiana. Lakini wapakizi wa pale walikuwa na desturi ya kupiga alama ya rangi chini ya kila gunia, kwenye kitako, ili wajue mzigo upi unapanda gari lipi. Alama za mzigo ule mpakizi alizikumbuka zote, kijiji kwa kijiji. Nani ndani ya kijiji alinunua, hakujua.

Wa tatu alikuwa Bwana Wilibroad Mlowe, afisa afya wa tarafa. Zenais alimfikia Jumamosi asubuhi. Afisa alikwenda mwenyewe ghalani, akachukua sampuli, akaita polisi wakafunga ghala.

"Majibu ya maabara ni Jumatano," alimwambia. "Lakini mimi sihitaji maabara kujua nilichokiona. Nina pikipiki moja na vijiji vitano. Naanza na viwili vya bondeni ambako simu hazishiki. Idetelo, Usangule na Nyamlenge kuna mtandao. Nimewapigia watendaji wa vijiji, wawili wameahidi kutangaza, wa Nyamlenge hapatikani. Kama hiyo tovuti yenu inafika kwa watu, ifikisheni. Jumatatu watu wanarudi kwenye shughuli, na mahindi yatasagwa."

Kwa hiyo Zenais aliandika. Aliandika Jumamosi yote na nusu ya Jumapili. Kila neno lilikuwa na shahidi. Habari ilieleza ghala, uoshaji, kuku, sampuli, na kwamba majibu ya maabara yanasubiriwa. Mwishoni aliweka orodha ya vijiji na alama za magunia.

Otmari aliijengea ukurasa. Orodha aliipanga katika jedwali la safu nne: kijiji, tarehe, idadi ya magunia, alama. Mwalimu Bertha alikuwa amewafundisha mara nyingi waanze na kioo kidogo cha simu ndipo waende kwenye kikubwa. Lakini kazi za muhula zilisahihishwa ukumbini, zikiwa zimemulikwa ukutani kwa projekta, na Otmari, kama wanafunzi wote wa chuo kile, alizoea kujenga kwa ajili ya ukuta. Waliumulika. Ulikuwa ukurasa mzuri. Mwalimu aliusoma mstari kwa mstari, akasema, "Wekeni jina, mchapishe," akaondoka kwenda kumpigia afisa afya.

Hapo wakaanza.

"Jina ni langu," Zenais alisema. "Nimetembea siku mbili."

"Umeandika karatasi," Otmari akasema. "Ukurasa nimeujenga mimi."

"Pasipo karatasi ungejenga nini?"

"Na karatasi yako ungeibandika wapi? Kwenye mgomba?"

"Jamani," Tusekile akasema, "watu watakula sumu hapa tunagombea kiti. Chapisheni. Jina tutaandika baadaye."

Wakachapisha. Mahali pa jina wakaacha maneno yaliyokuja na kiolezo cha tovuti. Hivyo habari ile ikatoka hadharani, saa tisa alasiri ya Jumapili, ikisema juu kabisa: "Mwandishi: Andika Jina Lako Hapa."

Jumatatu saa moja na robo asubuhi, Bi. Sekunda Mligo, mfanya usafi wa chuo, alimkuta Otmari kwenye ngazi.

"Kamwene, Otmari."

"Kamwene, mama."

"Nimeisoma habari yenu. Mmesema mtu aangalie alama ya gunia. Mbona alama yenyewe hamkuiweka?"

"Tumeiweka, mama. Safu ya nne."

"Mimi naona tatu."

Otmari aliichukua simu. Ilikuwa ndogo, kioo chake kimepasuka kona. Kijiji kilionekana, tarehe ilionekana, idadi ilionekana. Safu ya nne ilikuwa nje ya ukingo. Alijaribu kuusogeza ukurasa pembeni kwa kidole, ukakataa. Yeye mwenyewe alikuwa ameuzuia usiteleze pembeni, ili ukutani uonekane umetulia.

Wakati huohuo simu ya Zenais iliita. Alikuwa mzee mmoja wa Usangule, aliyepewa namba na mtendaji wa kijiji. Mtendaji huyo alikuwa ametangaza mahindi mabaya, lakini naye alama hakuziona.

"Mwanangu, mmesema yapo mahindi mabaya. Mabaya ni yapi? Jirani yangu amemwaga ya mwaka mzima shimoni. Mwingine anasema ni uzushi, anapika. Mimi nifanye nini?"

Zenais alimsomea alama kwa sauti. Kisha akamkimbilia Otmari, akamkuta amekwisha kukaa mbele ya kompyuta, uso umemshuka.

"Umeificha alama," Zenais alisema. "Umeificha kwa kila mwenye simu, tangu jana!"

"Najua."

"Unajua nini? Shule zinafunguliwa leo."

"Zenais, niache nifanye kazi."

Hakupunguza herufi, ambalo lingekuwa jambo rahisi, kwa sababu mtu mwenye macho ya kawaida asingezisoma. Alilivunja jedwali lote. Kila kijiji alikipa kisanduku chake, alama ikiwa juu kwa maandishi makubwa na kuchorwa pia, visanduku vikapangana kimoja chini ya kingine. Akaondoa picha ya ghala aliyoipenda, kwa kuwa ilikuwa nzito na ingekwamisha ukurasa mahali penye mtandao dhaifu. Alijaribu kwenye simu ya Bi. Sekunda. Alijaribu kwenye simu ya mlinzi, iliyokuwa kuukuu zaidi. Mara mbili ulivunjika, mara mbili akaurudia. Saa tatu kasorobo ukakaa sawa, na kila kisanduku kilionekana.

Tusekile, aliyekuwa amesimama nyuma yao, aliangalia idadi ya waliousoma.

"Watu thelathini na mmoja," alisema. "Na ishirini kati yao tuko nao humu chuoni."

Alikisoma kichwa cha habari cha Zenais: Uchunguzi Wabaini Mbegu Zenye Viuatilifu Kuingizwa Katika Mnyororo wa Chakula.

"Nani atafungua hii akiwa na mwiko mkononi?"

"Ndicho kichwa kilicho sahihi," Zenais akasema.

"Ni sahihi, na hakifunguliwi."

Tusekile alikaa. Pasipo kumwomba mtu ruhusa aliandika katika blogu yake maneno machache, akaweka kiungo cha kwenda kwenye visanduku vya Otmari: Mama mpishi, kabla hujamimina unga, pindua gunia usome kitako. Ukikuta mojawapo ya alama hizi, usipike. Ni mahindi ya mbegu yaliyooshwa, yana sumu. Ikiwa umekwisha pika, mwaga, fukia, kisha nipigie mimi, Tuse.

Zenais alisoma begani kwake, akashika kichwa.

"Umeondoa 'majibu ya maabara yanasubiriwa.' Tusekile, hapo tumemhukumu mtu!"

"Majibu yakija nitayaandika."

"Na kama mahindi ni mazima?"

"Nitaomba radhi kwa uji uliomwagwa. Wewe ungeomba radhi kwa nini?"

Tusekile alituma kwa wasomaji wake wote na katika makundi ya simu ya wapishi wa shule. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

Nyamlenge ni mwendo mrefu kutoka Mfumbilo. Katika shule ya msingi ya hapo mpishi alikuwa Mama Odilia Mtweve, na watoto wa uji walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Shule ilinunua mahindi wakati wa likizo. Jumamosi Mama Odilia alisagisha gunia moja, na unga akaurudisha katika gunia lilelile, kama wafanyavyo wapishi wote wa huko. Saa tatu na nusu sufuria ya kwanza ilikuwa imeiva na ya pili ilikuwa ikichemka. Simu ililia mfukoni mwa aproni. Alipoona ni Jungu la Tuse, alidhani ni habari za kuweka karanga.

Mwalimu wa zamu, Ditrick Lwila, alikuja mlangoni.

"Mama Odilia, saa nne inaingia. Foleni imefika kwenye bendera."

"Subiri, mwalimu."

"Nasubiri nini?"

"Nasoma simu."

"Simu! Watoto mia tatu wana vikombe mkononi, mama yetu anasoma simu!"

Mama Odilia alisogeza ukurasa kwa kidole kilichojaa unga mpaka kwenye kisanduku kilichoandikwa Nyamlenge. Pembetatu mbili za kijani. Akaliendea gunia la unga, akalilaza, akakipindua kitako chake kwenye mwanga wa mlango. Mavumbi ya unga yalikuwa yameifunika alama. Akaifuta kwa kiganja.

Pembetatu mbili za kijani.

"Mwalimu, nisaidie kushika huku."

"Kushika nini?"

"Sufuria. Tunamwaga."

"Una wazimu?"

"Nina wajukuu wawili kwenye ile foleni. Shika."

Waliumwaga uji nyuma ya jiko, wakaufukia ili kuku wasiufikie. Watoto walishinda na njaa hadi mchana, wadogo walilia, na mzazi mmoja alikuja kumtukana Mama Odilia hadharani. Idetelo na Usangule nako watu walipindua magunia yao. Bondeni Bwana Mlowe aliyawahi mwenyewe. Hakuna mtu aliyekula. Jioni Bwana Mlowe alifika Nyamlenge, akalibeba gunia.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Jumanne saa tano mwenye ghala alikuja chuoni. Jina lake silitaji, kwa sababu shauri lake bado liko mahakamani. Aliingia na mwanasheria, na karatasi mkononi.

"Namtaka huyu Bwana Andika Jina Lako Hapa," alisema.

Wanafunzi kadhaa walicheka. Mwenye ghala hakucheka.

"Chekeni. Ameandika kwamba nauza sumu. Maabara haijasema. Atakwenda jela, na mkitaka kumsindikiza nafasi ipo."

Mwalimu Bertha aliwaita watatu wale mbele.

"Jina," alisema.

Zenais aliwaza: maneno aliyoyashika mtu huyu ni yale ya Tusekile, si yangu. Otmari aliwaza: mimi nilijenga ukurasa tu, sikusema lolote juu ya mtu. Tusekile aliwaza: uchunguzi ulikuwa wa Zenais, mimi niliupokea kama ulivyo. Wote watatu walitazama sakafu.

Mwalimu akamgeukia mwanasheria.

"Andika Bertha Yohana Kilasi. Yohana ni jina la baba, usilisahau."

Jumatano majibu yalitoka. Ilikuwa sumu, na kwa kiasi chake kikombe kimoja cha uji kingetosha kumuua mtoto mdogo. Mwenye ghala alikamatwa alasiri hiyo. Habari ya magunia ikasomwa nchi nzima, na watu wakawa wakiuliza ni nani huyu mwandishi mwenye jina la ajabu.

Alhamisi Bwana Hilari Nyagawa, mhariri wa Nyanda Leo, alikuja mwenyewe.

"Kiti ni cha habari hii," alisema. "Sioni nyingine inayoikaribia. Nipeni jina."

"Ni kazi ya watu watatu," Mwalimu Bertha akamwambia.

"Nina kiti kimoja, mwalimu, na ninyi mna kanuni ya jina moja. Niandikieni hilo jina kesho kabla ya saa sita mchana. Mahali hapo pakibaki wazi, kiti nakipeleka chuo kingine."

Alipoondoka, watatu wale waliketi mbele ya mwalimu wao. Aliwaambia kila mmoja aseme la kwake, wengine wanyamaze.

"Sumu ile niliiona mimi," alisema Zenais. "Watu wangapi walipita pale mashineni wakaona viganja vya yule mama? Niliuliza. Nimeipata orodha ya alama kwa mtu aliyekuwa anatetemeka kwa hofu. Kama nisingeuliza, Otmari angekuwa na ukurasa mtupu, na Tusekile Jumatatu angekuwa anaandika habari za karanga."

"Orodha ulikuwa nayo tangu Jumamosi," alisema Otmari. "Yule mzee wa Usangule aliisoma habari yako yote, neno kwa neno, na bado hakujua amwage au apike. Alichotaka ni alama. Mama Odilia ana simu ya kiganja, na alama aliiona kwa sababu niliuvunja ukurasa nikaujenga kwa ajili ya kioo chake."

"Uliuvunja kwa kuwa uliuharibu," Zenais akasema.

"Nimesema wengine wanyamaze," mwalimu akasema. "Tusekile."

"Saa tatu kasorobo habari ilikuwa kamili na ukurasa ulikuwa mzima," alisema Tusekile. "Na Nyamlenge hakuna aliyeufungua. Hakuna hata mmoja. Mama Odilia aliniamini mimi, kwa sababu miezi minane nilimjibu kila alipounguza maharage. Mlinicheka. Kwa mtu mwingine asingeacha uji jikoni asome simu."

"Uliniharibia habari," Zenais alimwambia, sasa kwa sauti ya chini. "Ulimhukumu mtu kabla ya maabara. Ilitokea kuwa kweli. Ingekuwa si kweli?"

"Ilikuwa kweli kwa sababu wewe huandiki lisilo kweli. Hilo nililijua."

Otmari alipendekeza wapige kura kwa vikaratasi, lakini kila mmoja angejipigia mwenyewe, na hilo walilijua. Zenais alipendekeza majina matatu yaandikwe kwa mstari mmoja kana kwamba ni ya mtu mmoja. Mwalimu alitikisa kichwa.

Tusekile akampigia Mama Odilia, akaweka simu mezani wote wasikie. Akamuuliza anadhani ni nani aliyewaokoa watoto.

"Mnanitania?" Mama Odilia alisema. "Mimi nilikupenda wewe, Tuse, ndiyo maana nilifungua. Lakini ningefungua nisikute ile pembetatu, ningesema Tuse leo anachekesha, nikagawa uji. Na pembetatu angeijua nani kama asingekuwepo huyo dada wa kuuliza? Msinipe mimi kazi hiyo. Nina sufuria mbili za kusugua, sijui kama zitafaa tena."

Simu ikakatika.

"Jumanne," alisema Mwalimu Bertha, "niliwaomba jina, nikaona vichwa vitatu vimeinama. Leo naona mikono mitatu. Sitawalaumu, mlikuwa na hofu, na mimi pia nilikuwa nayo. Lakini nikiangalia Jumanne, hakuna anayestahili kuliko mwenzake. Nikiangalia Jumatatu, ni vilevile."

Ijumaa ilifika. Saa sita ilipobakiza dakika tano, mwalimu alikaa mbele ya kompyuta na kuufungua ukurasa. Akafuta maneno ya kiolezo. Mahali pa jina pakabaki peupe, kijistari cheusi kikiwaka na kuzimika, kikisubiri herufi ya kwanza. Nyuma yake walisimama Zenais Fulgensi Mgaya, Otmari Kaspari Ngailo na Tusekile Ambakisye Mwasomola. Hakuna aliyekaa. Ikabaki dakika tatu. Mwalimu akaweka vidole juu ya vibonye.

Kuna aliyeiona sumu pale wengine walipopita. Kuna aliyeifanya alama ionekane katika kioo kidogo, baada ya kuificha yeye mwenyewe. Kuna aliyeufanya mwiko usimame, kwa kukata maneno ambayo hakuwa na haki ya kuyakata. Mtoe mmoja kati yao, na watoto mia tatu na kumi na wawili wanakunywa uji.

Muda huo vidole ni vyako, wewe unayesikiliza. Kiti ni kimoja na jina ni moja, na pakibaki wazi wote watatu wanakosa. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili utakaowaacha, ungewatazama usoni ukawaambia nini?